Vidole vya Kiwangwa

Siku niliyokabidhi ofisi nilisaini orodha ya vitu kumi na saba. Kompyuta, simu mbili, kifaa cha kupimia mahali, futi ya mita hamsini, kofia ngumu, viatu vya kupandia mnara, funguo za makabati matatu, na vinginevyo. Dada wa stoo alipomaliza kuweka alama za vema alichungulia droo yangu, akauliza kuhusu kitu cha kumi na nane ambacho hakikuwa kwenye orodha yoyote: pedi ya wino ya bati, ile ya kugongea mihuri, kifuniko kimekwaruzika na sponji imekauka kama mkate wa juzi. Nilimwambia ni yangu. Akataka uthibitisho. Sikuwa nao, na nilifurahi kwamba aliuliza. Akaandika pembeni, "Mali binafsi, kwa kauli ya mhusika," akanisainisha mara ya pili.

Ninyi mliobaki kwenye kitengo mmeniomba niandike nilivyofanya kazi. Faili zote mnazo na ziko kwa mpangilio, kwa hiyo sitazirudia. Vyeo na mishahara navyo vimo humo, kwa anayevitaka. Nitaandika yale ambayo fomu zetu hazikuwa na safu ya kuyaweka, na sehemu kubwa yake inaanzia kwenye pedi hii.

Sikusomea kazi hii. Nilimaliza kidato cha nne Bagamoyo mjini, nikakaa nyumbani nikimsaidia mama kuhesabu matundu ya kofia za vito, zile za kutariziwa kwa sindano. Kofia ya vito haina msamaha. Ukikosea tundu moja upande huu, ua halitakutana upande wa pili, na utalijua hilo baada ya kazi ya siku tatu. Mama alinifundisha kuhesabu kwa kidole, si kwa macho, kwa sababu macho yakichoka huona kinachotakiwa kuwepo. Baadaye nilisoma vitabu vingi vya ukaguzi, vingine vizito kuvibeba, na sikukuta humo kanuni iliyoipita hiyo.

Kampuni ilipokuja kujenga minara ukanda wetu, kutoka Bagamoyo kuelekea Saadani na kuingia ndani hadi Chalinze, ilitafuta mtu wa kushika ncha ya pili ya futi. Nikashika. Ncha ya kwanza ilishikwa na mpimaji, na karatasi zote zilishikwa na Bi Zuwena.

Bi Zuwena alikuwa ameanza kazi zamani kwenye ubao wa simu, enzi za kuunganisha mazungumzo ya watu kwa waya na mkono. Kampuni ilimchukua atunze vibali: cha ardhi, cha mazingira, cha urefu wa mnara, cha masafa. Alikuwa mwembamba, mkali wa macho, na hakuwahi kupandisha sauti. Siku yangu ya kwanza aliniuliza kama najua Kiingereza. Nikasema kidogo. Akanipa nakala ya masharti ya leseni, kurasa mia na ushee, na kamusi.

"Hicho kidogo kiongeze," alisema, akarudi kwenye karatasi zake.

Nilinunua kaunta buku. Ukurasa wa kushoto nilinakili sharti kama lilivyo, wa kulia nikaliandika kwa Kiswahili changu, kana kwamba namweleza mama. Kazi hiyo ilichukua miaka miwili na kaunta buku saba. Neno lililonitesa kuliko yote ni "compliance", ambalo wenzetu wa ng'ambo wamelifanya jina la idara nzima. Kamusi ilisema ni utii. Nikaandika utii, nikaufuta, kwa maana punda naye ni mtii na hakuna aliyempa leseni. Mwishowe niliandika hivi: kutenda ulichosema utatenda, na kuweza kumwonyesha mtu mwingine kwamba umetenda. Nilimwonyesha Bi Zuwena. Akasoma mara mbili, akasema sehemu ya pili ndiyo itakayonilaza macho.

Yeye alikuwa na sharti lake moja, halimo kwenye leseni yoyote. Usiandike "ipo" kama hujaigusa. Taa nyekundu ya juu ya mnara ipo? Umepanda? Uzio upo? Umeuzunguka? Wenzangu wa umri wangu walicheka na kuniita Bwana Futi. Nilipanda na kuzunguka, na futi nikaizoea.

Sharti hilo lilinipa kesi yangu ya kwanza ngumu, Mkange. Mnara ulikuwa umekamilika, kibali kimetoka, mafundi wameshaondoka isipokuwa msimamizi wao, Mzigua wa palepale aitwaye Mbwana. Nilifungua kifaa cha kupimia mahali nikaona namba hazilingani na za kwenye kibali. Nikadhani kifaa ni kibovu. Nikarudia kwa futi kutoka kwenye jiwe la mpaka. Mnara ulikuwa umesimama mita sitini na nane mashariki ya mahali uliporuhusiwa kusimama. Mita sitini na nane si kosa la mkono kutetemeka.

Mbwana hakuhangaika hata kidogo. "Hapo mlipochora ninyi pana wenyewe, Bwana Sefu."

"Wenyewe nani? Shamba lote lilinunuliwa."

"Wenyewe waliolala chini. Huoni vile vigae?"

Nilipotazama vizuri niliona vipande vya vyungu vimekaa kwa mstari kwenye nyasi, vitatu vitatu. Makaburi ya zamani, hayana jiwe wala maandishi. Mafundi walikuta vigae siku ya kuchimba msingi, wakasogea hadi palipokuwa salama, wakajenga vizuri sana, wakapeleka kwetu fomu yenye namba zilezile za awali. Nilimuuliza kwa nini hakuandika.

"Fomu ilitaka namba," alisema. "Sababu haikuuliza."

Mpimaji alitaka tunyamaze, maana porini kule nani angepima tena. Bi Zuwena alitaka tuombe kibali upya, na tukaomba, na mnara ukakaa kimya miezi mitano bila kuwashwa huku wakubwa wakinitazama kana kwamba ni mimi niliyeusogeza. Lakini nilirudi nyumbani na kitu kimoja. Tangu siku hiyo kila fomu iliyopita mikononi mwangu iliongezewa mstari chini: "Jambo jingine lolote uliloliona." Mafundi waliudharau mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili walianza kuujaza, na baadhi ya mambo waliyoyaandika humo yalituepusha na aibu kubwa.

Sasa nije kwenye pedi. Tulikuwa tunakodi kipande cha shamba Kiwangwa kwa ajili ya mnara, na mwenye shamba, Mzee Kibwana, hakujua kuandika. Bi Zuwena alinipa pedi yake ya wino nikachukue dole gumba. Mzee alibonyeza wino, akabonyeza karatasi. Likatoka doa jeusi, duara, halina mstari hata mmoja ndani yake. Nikamwomba arudie polepole. Doa. Nikamfuta kidole kwa leso yangu, nikamshika mkono na kumbonyezea mwenyewe. Doa.

"Mwanangu," alisema kwa upole, "hata ukileta wino wa pweza hutapata kitu. Vidole hivi vimeshaliwa na nanasi."

Akanionyesha viganja. Miaka arobaini ya kung'oa machipukizi yenye miiba, ya kukata na kupakia matunda ambayo maji yake hula ngozi, na kila msimu wa korosho kubangua maganda yenye mafuta yanayounguza. Ncha za vidole vyake zilikuwa laini na zinang'aa kama kokoto za mtoni. Tulicheka wote wawili. Nikaita mashahidi, wakasaini, mkataba ukakamilika.

Bi Zuwena alipoiona karatasi aliuliza kwa nini dole halina mistari. Nikamsimulia. Akauliza kama nimeliandika hilo mahali. Nikasema mashahidi wanatosha. Alinitazama kidogo, kisha akafungua jalada jingine. Aliponiachia kiti chake, miaka kadhaa baadaye, aliniachia na pedi, na hakusema ni kwa nini. Alifariki kabla sijapata nafasi ya kumuuliza.

Kazi ikakua. Kampuni yetu ikawa tawi la kampuni kubwa yenye matawi katika mabara mawili, na mimi nikawa napokea maelekezo kutoka makao makuu Ulaya kwa mwanamke aitwaye Marta, ambaye alisimamia uzingatiaji wa kanuni katika nchi zote hizo. Marta alikuwa mtu wa safu na mistari kama mimi. Tulielewana haraka. Tofauti yetu ilikuwa kwamba fomu zake ziliandikwa mara moja kwa nchi zote, na jibu alilolipenda zaidi lilikuwa fupi.

Ndipo ikaja sheria ya kusajili laini zote za simu kwa alama za vidole. Sheria ilikuwa nzuri na bado naiona nzuri. Matapeli walikuwa wanatumia laini zisizo na mwenyewe kuwaibia watu, na mtu aliyeibiwa hakuwa na jina la kumpa polisi. Makao makuu yakatuma fomu ya utayari, maswali arobaini. Swali la thelathini na moja liliuliza kama katika nchi yetu kuna kundi la wateja ambao alama zao huenda zisisomeke.

Nilikuwa ofisini Dar es Salaam, ghorofa ya sita, kiyoyozi kinavuma. Nilikuwa nimejaribu mashine kwa vidole vyangu na vya makarani wote wa ghorofa ile, ikasoma vizuri. Fomu ilitakiwa siku hiyohiyo. Niliandika "Hapana", nikasaini.

Miezi michache baadaye, siku ya Jumatatu, Marta alinipigia kabla sijavua koti. Mashine ya makao makuu inayotafuta dalili za utapeli ilikuwa imetoa jina moja kutoka wilaya yangu ya nyumbani. Mtu mmoja, Kiwangwa, amesajili laini sitini na tatu kwa kidole chake. Wakala mmoja amezisajili zote. Kwa macho ya mashine hiyo ilikuwa picha kamili ya genge. Maelekezo yalikuwa matatu: laini zifungwe ndani ya siku saba, wakala aondolewe, na jina la mwenye kidole lipelekwe polisi.

Nilimwomba Marta anipe siku hizo saba kabla ya lolote. Akauliza nitazifanyia nini. Nikamwambia sijaigusa bado.

Wakala aliitwa Mwanaidi, mwanamke wa miaka thelathini hivi, kibanda chake kiko ubavuni mwa mashine ya kusaga. Nilifika bila taarifa. Alinipa kiti na maji, na nilipomweleza kilichonileta hakukana. Alifunga kibanda, akajitanda kanga, akasema, "Twende kwa mwenyewe, Mzee Sefu. Nikikueleza peke yangu utaona nampaka matope."

Mwenyewe alikuwa Maalim Shabani, mwalimu wa madrasa, mtu wa makamo, kanzu safi, ameketi barazani na mbao za kuandikia. Nilimsalimu shikamoo ingawa hatukupishana sana umri.

"Marahaba. Karibu. Naambiwa unatoka kwenye simu."

"Kwenye kampuni ya simu, Maalim."

"Basi umekuja kunishukuru au kunifunga?"

Nilisema bado sijajua, na akacheka, akaagiza tuletewe kahawa.

Ilikuwa hivi. Watu walikuja kwa Mwanaidi na vitambulisho vyao vya taifa, wanaweka vidole, mashine inawaka nyekundu. Kidole kingine, nyekundu. Vyote kumi, nyekundu. Wengine walirudi mara nne. Vitambulisho walikuwa navyo, kwa kuwa huko waliandikishwa kwa utaratibu mwingine, lakini mashine yetu ndogo haikuwajua. Tarehe ya kufungiwa laini ilikuwa inakaribia na msimu wa nanasi umefika. Wanunuzi wa Chalinze na wa mjini hawaji Kiwangwa kwa kubahatisha. Hupiga simu kwanza, na asiyepatikana hupitwa, nanasi lake likaozea shambani. Mwanaidi alipiga namba yetu ya msaada kwa mawakala. Akajibiwa awaambie wateja wanawe mikono.

Asubuhi moja Maalim alikwenda kusajili laini yake. Kidole kimoja, kijani. Watu waliokuwa kwenye foleni wakamtazama. Yeye kazi yake ni chaki, wino na kitabu, hajapata kushika nanasi ila lililokwisha menywa.

"Mtu akikosa wa kumdhamini, jirani yake husimama," aliniambia. "Kwenye ndoa tunasimama, kwenye mkopo wa mbegu tunasimama. Nami nikasimama."

"Umesimama mara sitini na tatu, Maalim."

"Majirani ni wengi."

Nilimuuliza kitu kimoja. Ikiwa laini moja kati ya hizo itaibiwa leo, na mwizi akaitumia kumtapeli mjane wa Mwanza, polisi watasoma jina la nani? Maalim alishusha kikombe chake taratibu. Alisema hilo Mwanaidi hakumwambia.

"Na mimi sikuambiwa," alisema Mwanaidi. "Kwenye mafunzo tuliambiwa tubonyeze wapi. Maana yake hatukuambiwa."

Mafunzo hayo niliyaidhinisha mimi.

Nikaomba kuona vidole. Walikuja watu kama ishirini, na nilipitia mkono mmoja baada ya mwingine, nikagusa ncha ya kila kidole kama mama alivyonifundisha kugusa matundu. Kokoto za mtoni. Mzee Kibwana alikuwa ameshafariki wakati huo, lakini ilikuwa kana kwamba ameketi pale ananyoosha kiganja. Nilikuwa nimekishika kidole chake kwa mkono wangu mwenyewe, nikakibonyeza mara tatu, nikacheka, nikaondoka. Halafu nikaandika "Hapana".

Ripoti niliiandika kurasa mbili. Aya ya kwanza ilisema: swali la thelathini na moja lilijibiwa vibaya; aliyejibu ni mimi; taarifa sahihi nilikuwa nayo kabla ya kujibu. Zilifuata habari za vidole, za Maalim na za mafunzo. Mwisho nilipendekeza tusifunge laini, bali tuende wenyewe kwa mdhibiti wa mawasiliano tujiripoti, tuombe utaratibu wa watu wasio na alama.

Wanasheria wetu hawakuipenda. Kufunga laini sitini na tatu ni kazi ya dakika kumi, walisema, na hakuna atakayeuliza. Kujiripoti ni kufungua mlango usiojua nani ataingia. Marta alinipigia kwa video. Ripoti alikuwa ameichapa, iko mezani mbele yake.

"Unajua kwamba aya hii ya kwanza ikibaki, ukaguzi wa ndani utaanza na wewe?"

Nikamwambia ndiyo maana nimeiweka ya kwanza, wasipate taabu ya kuitafuta.

Aligeuza ukurasa. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna mkubwa wangu aliyewahi kuniuliza: hivyo vidole, vinakuwaje ukivishika? Nikamweleza. Akasema niende kwa mdhibiti, na kwamba atawajibu wanasheria yeye.

Mdhibiti alimtuma mkaguzi aitwaye Bwana Mrisho, mtu asiyetabasamu, na nikamheshimu tangu mwanzo kwa sababu alikataa kutumia mashine yetu. Alikuja na yake. Siku ya sita kati ya zile saba tulikuwa Kiwangwa, uwanja wa ofisi ya kijiji, watu wamejaa. Bwana Mrisho aliweka kwanza kidole chake mwenyewe ili aone kama mashine ni nzima. Kijani. Kisha akamwita mama mmoja mbangua korosho, Bi Tatu. Kidole cha kwanza, nyekundu. Cha pili, nyekundu. Akamwagia maji, akafuta kwa kitambaa chake, akapaka mafuta kidogo, akafuta tena. Alipofika kidole cha kumi bado ilikuwa nyekundu.

Wakaja wengine. Nyekundu kwa nyekundu. Halafu akamwita Maalim. Kijani papo hapo, na mtu mmoja nyuma akasema, "Mashine imemjua mwenye kula vya kumenyewa." Uwanja mzima ukaangua kicheko, na Maalim akacheka pia, akiificha mikono ndani ya kanzu.

Bwana Mrisho alifunga mashine yake kwenye mkoba. Alimwambia Maalim kwamba alichokifanya ni kosa, na kwamba asikirudie hata kwa mama yake mzazi. Alimwambia Mwanaidi kwamba atasimama kazi hadi afunzwe upya. Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe ndiye uliyejibu kwamba hawapo?"

"Ndiye mimi."

"Basi utauandika wewe utaratibu wao. Utakuwa umeshajua mahali pa kukosea."

Tuliuandika kwa majuma sita, na mdhibiti akaukubali kwa maandishi. Mnaujua, mnautumia kila siku, lakini pengine hamjui kila mstari umetoka wapi. Vidole vyote kumi vijaribiwe, kwa sababu ya Bi Tatu. Wakala aandike kwa maneno yake alichokiona mkononi, kwa sababu ya Mbwana wa Mkange. Awepo shahidi mwenye kitambulisho, anayemfahamu mteja, ambaye anathibitisha mtu lakini haazimi kidole wala jina. Huyo ni Maalim, amewekwa mahali anapostahili. Wakala asiwe shahidi kamwe, hata akimjua mteja tangu utotoni. Huyo ni Mwanaidi, na ndiye aliyelipendekeza mwenyewe siku aliyorudi kazini. Laini sitini na tatu zilihamishiwa kwa wenyewe, moja moja. Hakuna hata moja iliyofungwa siku ya saba, na mananasi ya msimu ule yaliondoka Kiwangwa kwa malori kama kawaida.

Ukaguzi wa ndani ulinipa onyo la maandishi. Limo kwenye faili langu, ukurasa wa kijani. Sikulikatia rufaa, kwa kuwa lilikuwa sahihi.

Mwaka uliofuata Marta alituma fomu mpya ya utayari kwa matawi yote. Swali la thelathini na moja lilikuwa limebadilika. Halikuuliza tena kama watu hao wapo. Liliagiza: taja watu ambao alama zao hazisomeki, na taja ulipowashika mikono. Majibu yakaja kutoka kwa wachuma chai wa nchi moja, wavunja kokoto wa nyingine, na wanawake wavuna chumvi wa nchi ambayo sikuijua ipo wapi mpaka nilipofungua ramani. Hakuna tawi lililoandika "Hapana". Nimefanya kazi nyingi zilizonipa shukrani na moja iliyonipa onyo, na hii ya onyo ndiyo ninayojivunia.

Nilipostaafu nilihamia shambani. Mimi na mke wangu Salma tunalima nanasi Kiwangwa, na kila msimu wa korosho tunabangua. Juzi nilidondosha simu mtaroni ikapotea, nikaenda Bagamoyo mjini kurudisha namba yangu. Wakala alikuwa binti ambaye sijapata kumwona. Alinikaribisha, shikamoo mzee, akanipa mashine niweke kidole.

Nyekundu.

Nilitazama kidole changu kama mtu aliyeonyeshwa barua yenye jina lake. Binti akajaribu vyote kumi, bila haraka, akivifuta kimoja kimoja. Kisha akavishika ncha, akauliza, "Mzee, unalima nanasi?"

Nikasema ndiyo. Akatoa fomu. Niliitambua kwa mbali, hata nafasi kati ya mistari niliichagua mimi. Akaandika kwa maneno yake alichokiona mkononi mwangu, akafika kwenye shahidi. Sikuwa na shahidi. Jua lilikuwa limepanda na gari la kurudi Kiwangwa linakaribia kuondoka. Nikamwambia ana kitambulisho changu mbele yake, uso wangu anauona, asaini tu yeye mwenyewe kama shahidi tumalize.

"Hairuhusiwi, mzee," alisema. "Wakala hawi shahidi."

"Hata kwa mzee kama mimi?"

"Hata kwa baba yangu. Nenda kamlete mtu anayekujua, nitakungoja."

Nilikwenda hadi Kiwangwa nikamchukua Salma, na tuliporudi ilikuwa alasiri. Njiani aliniuliza kwa nini sikumwambia binti kwamba fomu ile niliiandika mimi. Nilimwambia kwamba angenihurumia, na huruma ndiyo iliyotufikisha sitini na tatu.

Binti alikuwa bado yupo. Akachukua kitambulisho cha Salma, akakitazama mbele na nyuma, akamtazama usoni, akamuuliza ananijua tangu lini, akaandika jibu lote. Nilisimama kando nikimfuatilia kalamu. Hakuruka mstari.